Sura ya Saba: Sikio la Daktari

"Tazama sikio," Mkurugenzi alisema, akaikuza picha mpaka sikio likajaa kioo kizima cha kompyuta.

Inspekta Subiri alitazama. Lilikuwa sikio la mwanamke, zuri, hakuwa na ugomvi nalo. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na mwanga wa dirisha ulikuwa umelipenya ukingoni ukaliacha jekundu, ule wekundu unaouona ukiziba tochi kwa kiganja.

"Nimeliona. Halafu?"

"Halafu ndiyo basi. Sisi hapa tunachora watu kwa kompyuta, Inspekta. Kazi yetu ni mwanga, jinsi unavyogonga chuma, jinsi unavyogonga kitambaa, jinsi unavyogonga ngozi. Chuma tunakiweza. Kitambaa tunakiweza. Ngozi ndiyo inayotutoa jasho, kwa sababu mwanga haugongi ngozi ukarudi kama mpira ukutani. Unaingia, unazurura humo ndani, unakuja kutokea pengine kabisa, umeshabeba rangi ya damu. Hakuna programu hata moja katika maabara hii inayoweza kutoa sikio namna hii. Zetu zinatoa sikio la udongo. Kwa hiyo hii picha haikuchorwa. Ilipigwa kwa kamera, na Daktari alikuwa pale mezani kweli."

"Subiri," Inspekta alisema.

Ndilo neno lililompa jina. Kituoni hakuna aliyekumbuka alivyoitwa na wazazi wake. Washukiwa wakikimbilia kujibu, yeye huwaambia wasubiri, na wakubwa wakimhimiza amalize jalada huwaambia vivyo hivyo, na huenda ndiyo maana hajapandishwa cheo siku nyingi.

"Irudishe picha ilivyokuwa," akasema.

Sikio likapungua, na Daktari akaonekana mzima: amekaa kwenye meza ya hoteli, amevaa gauni la satini la kijani, anamkabidhi flashi ya kompyuta mwanamume aliyeipa kamera mgongo. Uso wa mwanamume hauonekani, lakini maabara nzima ilikitambua kipara chake. Ni bosi wa kampuni shindani, ile ambayo imekuwa ikiwinda mbinu mpya ya kuchora ngozi. Mbinu yenyewe ni ya Daktari, mtafiti wao, na maabara imemlipa mshahara miaka yote ili aimalize. Kati yao, juu ya kitambaa cheupe cha meza, palikuwa na birika la chuma linalong'aa. Picha ilitumwa kwa barua pepe isiyo na jina, ikawafikia wajumbe wote wa kamati asubuhi moja.

"Daktari anasemaje?"

"Anakana. Tulimwonyesha mara moja tu, akaanza kulia, tukaifunga. Kanuni haziruhusu mtuhumiwa akae na ushahidi. Kamati inakaa leo saa nane mchana. Itamfukuza, na jalada la wizi litakuwa lako." Mkurugenzi akaegemea kiti, kiti cha ngozi kinachozunguka, ambacho Inspekta alikuwa amekionea gere tangu alipoingia. "Ukiwa na neno, lilete kabla ya saa nane. Ila usinijie na hisia. Niletee aliyeichora, na njia aliyoichorea."

Inspekta aliomba nakala, akapita nayo kituoni kuichapa. Printa yake haikuwa na wino wa rangi. Printa ya rangi ilikuwa chumba cha jirani, kwa yule inspekta mwenzake aliyepewa ofisi yenye dirisha, na Inspekta Subiri angetafuna karatasi kabla ya kwenda kumwomba. Akaichapa nyeusi na nyeupe, akaikunja, akaenda zake kwa Daktari.

*

Daktari alifungua mlango mwenyewe. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alikuwa amevaa vizuri, nguo za kwenda kazini, kama mtu aliyekataa kuamini kwamba hana pa kwenda.

"Karibu, Inspekta. Samahani kwa fujo."

Hapakuwa na fujo yoyote. Chumba cha kulia kilikuwa safi, na mumewe alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Mwanamume huyo naye ni mtafiti, tena wa maabara ile ile, na kwa muda mrefu kabla mkewe hajaajiriwa. Kule wanamwita Mzee wa Mwanga, ingawa si mzee, kwa sababu hakuna anayeujua mwanga wa chumba kama yeye.

"Mke wangu hajalala," mume alisema, akiweka vikombe. "Mwambie ukweli, Inspekta. Kuna matumaini?"

"Subiri. Kwanza naomba nilione gauni."

Daktari akaingia ndani, akarudi nalo, akalitandaza mezani. Satini ya kijani, nzito, ya kuvutia. Upande wa kiuno palikuwa na kasoro ndogo: uzi uliovutika ukajikunja kama ndoana.

"Hapa palinaswa na msumari wa droo," Daktari alisema. "Roho iliniuma sana. Ndilo gauni pekee ninalolipenda."

Inspekta akakunjua nakala yake. Daktari akajisogeza, na mumewe pia. Inspekta alitoa kalamu, akazungushia alama kiunoni. Ndoana ilikuwepo. Akashuka kwenye goti, akazungusha tena. Kisha akapanda begani. Ndoana ile ile, ukubwa ule ule, imeelekea upande ule ule, na kati ya moja na nyingine nafasi ilikuwa sawa.

"Gauni lina uzi mmoja uliovutika," alisema. "La kwenye picha lina tele. Hiyo droo yenu ina misumari mingapi?"

Daktari aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa kifua akapata pumzi.

"Ni kipande! Wamepima kipande kimoja cha kitambaa, halafu wakakirudia rudia mpaka gauni likaenea. Ndivyo tunavyofanya. Huwezi kupima gauni zima, unapima kipande cha kiganja, kompyuta inaunga. Picha imechorwa! Nilisema mimi!"

"Nani anapima vitambaa?"

Kicheko kikamkatika. Mumewe ndiye aliyejibu, taratibu, kama anayetoa mwiba.

"Mdogo wake. Ndiyo kazi yake pale maabara."

"Usiseme hivyo," Daktari alisema.

"Sijasema kitu, mke wangu. Ameuliza nani anapima vitambaa." Akamgeukia Inspekta. "Na hilo gauni waliligombania hao. Alipewa alishone pindo, dada yake akamkuta kalivaa, anajizungusha mbele ya kioo. Hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Wivu wa ndugu, unaujua mwenyewe."

Inspekta aliujua wivu. Wa kwake ulikuwa ofisi ya jirani, unatazama nje dirishani. Akanywa chai kidogo, akauliza, "Na hiyo mbinu ya ngozi yenyewe iko wapi?"

"Ile pale." Daktari alionyesha kompyuta kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha maua kuzuia vumbi. "Nimeimalizia hapa hapa nyumbani. Sijaipeleka kazini. Nilitaka siku ya kikao wakae wote, niwaonyeshe kwa mara moja. Mpaka sasa kaiona huyu tu," akamwelekezea mumewe kidevu.

"Aliionaje?"

Daktari alimgeukia mumewe.

"Nilimwambia ni nzuri," mume alisema.

"Uliniambia si mbaya," Daktari alisema, akaanza kulikunja gauni.

Inspekta alifungua mdomo aulize habari ya sikio, akaufunga. Wakati mwingine swali zuri unaliweka mfukoni mpaka lipate watu wake.

*

Chumba cha kupimia vitambaa kilipakwa rangi nyeusi ukutani, darini mpaka sakafuni. Katikati palikuwa na meza ndogo, na juu yake mkono wa chuma uliobeba taa. Mkono ulizunguka polepole, ukapiga mwanga kwenye kipande cha ngozi ya kiatu kutoka kila upande, na kila ukisimama kamera ililia *chak*.

"Shikamoo, Inspekta," alisema mwanamke aliyekaa gizani.

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Vitambaa?"

"Ndivyo wanavyoniita. Sina mtoto, nina vitambaa." Alikuwa na sura ya dada yake, ila imekaushwa kidogo. Akazima mashine. "Umetumwa na shemeji?"

"Kwa nini shemeji?"

"Kwa sababu kila kitu kikiharibika katika familia hii, mtu wa kwanza kutajwa ni mimi."

Inspekta akamwonyesha nakala, na zile alama za kalamu. Mama Vitambaa akaitazama kwa muda mrefu. Hakushtuka, na hakujifanya hajui.

"Ni kipimo changu," alisema. "Hiyo ndoana niliiona siku ile ile. Mtu makini angechagua sehemu nzuri. Mimi nilikuwa na haraka, nilitaka kupima kabla dada hajaja kulichukua."

"Ulitaka kulipima kwa nini?"

"Lazima nijibu?"

"Saa nane dada yako anafukuzwa kazi. Jibu."

Mama Vitambaa aliwasha kompyuta yake. Akatafuta, akasita, akafungua picha. Alikuwa yeye mwenyewe, amesimama mbele ya dirisha, ndani ya lile gauni la kijani lenye ndoana zake zote.

"Tangu tukiwa wadogo mimi navaa vilivyombana au alivyovichoka," alisema. "Viatu vyake, sketi zake, hata masomo yake. Alisomea haya mambo, na mimi nikayafuata. Akawa Daktari, mimi nikabaki na mashine. Nilitaka nione lingenikaaje. Basi. Ndiyo, namwonea wivu dada yangu. Andika. Namwonea wivu asubuhi, namwonea mchana. Lakini sijamwandalia kaburi."

Inspekta hakuandika. Alikuwa anaangalia sikio la Mama Vitambaa kwenye picha. Mwanga wa dirisha ulikuwa nyuma yake, kama ulivyokuwa nyuma ya dada yake, lakini sikio lilikuwa limekufa, la kijivu, kama la chungu.

"Hili sikio vipi?"

"Ndiyo ngozi hiyo. Imetushinda wote humu. Shemeji ana mbinu yake ya zamani, ndiyo tunayotumia, ndiyo hiyo." Aliubetua mdomo kwa dharau kidogo. "Anaisifia mwenyewe."

"Hicho kipimo cha gauni ni nani mwingine anaweza kukichukua?"

"Yeyote. Tukishapima tunaweka kwenye hifadhi ya pamoja. Mkurugenzi anachukua, shemeji anachukua, wanafunzi wanachukua."

"Dada yako akifukuzwa, kiti chake anapewa nani?"

"Si shemeji? Nani mwingine? Mimi niko kwenye vitambaa."

Inspekta akaikunja nakala, kisha akaikunjua tena. Aliinamia pale katikati, kwenye lile birika.

"Na hili birika? Limechorwa na wewe?"

"Mimi si mtu wa mwanga, Inspekta. Unaona chumba kizima humo ndani? Dirisha, viti, feni ya darini? Huo ni mwanga wa hoteli ya hapa jirani, tunakokula mchana. Mwanga ni wa shemeji. Yeye na ule mpira wake wa chuma." Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mwambie akuonyeshe. Atakushukuru."

*

Mzee wa Mwanga, aliyeitwa na Inspekta kwa simu, alifika kwenye ile hoteli kabla chai haijaletwa, na kweli mpira alikuwa nao mkobani. Ulikuwa mkubwa kiasi cha chungwa, wa chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa kioo. Aliuweka katikati ya meza kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto.

"Umemwona shemeji yangu?"

"Nimemwona."

"Nasikitika. Ni damu yetu." Alisikitika vizuri, bila kuzidisha. "Mke wangu itamuuma kuliko hata kufukuzwa."

"Itamuuma. Hebu nieleze huu mpira. Mimi ni mtu wa zamani."

Hapo mume akanyooka kitini. Inspekta alishawahi kuona watu wakichangamka hivyo wakiulizwa juu ya wajukuu.

"Utazame. Unaona nini?"

"Chumba."

"Chumba chote. Dirisha, taa, meza, nyuma yako, mbele yako. Ukiupiga picha umebeba mwanga wote wa humu. Unaenda nao kwenye kompyuta, unamkalisha mtu yeyote ndani ya mwanga huo. Kivuli kitaanguka panapostahili. Kijiko kitang'aa panapostahili. Hakuna atakayejua kwamba hakuwepo."

"Lakini nikiupiga picha, na mimi nitaonekana humo ndani."

"Aa!" Akapiga meza kidogo. "Hapo ndipo wanafunzi wanapoaibika. Mwanafunzi anapiga, anajiacha kwenye mpira, halafu unachora mtu mrembo, na kwenye hereni yake kuna mvulana kashika kamera. Sisi tunapiga upande huu, tunahama, tunapiga upande ule, kisha unajifuta. Unaziba pale ulipokuwa umesimama kwa sakafu ya ile picha nyingine. Mimi najifuta bila hata kufikiri. Sijawahi kuonekana katika mwanga wangu hata mara moja."

"Kazi kubwa," Inspekta alisema, na alimaanisha.

Chai ikaletwa, ndani ya birika la chuma. Mhudumu alipoondoka, Inspekta alitoa simu yake yenye ufa, akampiga mwenzake picha: Mzee wa Mwanga, kikombe, birika. Akaitazama. Kwenye tumbo la birika alikuwamo yeye mwenyewe, kitambi kimepanuka kupita ukweli, simu imeziba uso. Aliirudisha simu mfukoni.

"Na mambo ya nyumbani yakoje?" akauliza. "Wote wawili watafiti. Mke anapanda. Si rahisi, eti?"

"Mimi namwunga mkono mke wangu."

"Sina shaka."

"Kila mtu anajua nilimfundisha mimi. Alipokuja pale hakujua taa inawekwa wapi." Alikoroga chai isiyo na sukari. "Hiyo wanayoiita mbinu mpya... mtu akiichunguza ni yangu. Yangu imepakwa rangi. Lakini dunia ya leo, ukisema hivyo unaambiwa una wivu."

"Kwa hiyo yako pia inatoa ngozi ile?"

"Bila shaka."

"Hata sikio? Likiwa na dirisha nyuma?"

Kijiko kikasimama. Inspekta aliona swali likizunguka kichwani mwa mwenzake, likitafuta mlango. Mlango wa busara ulikuwepo, wa kusema hapana, lakini juu yake paliandikwa jina la mkewe, na hilo ndilo lililomkera.

"Hata sikio," Mzee wa Mwanga alisema. "Kwa nini lisitoke?"

"Nimeuliza tu," Inspekta alisema, akaita bili.

*

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu na skrini kubwa ukutani. Wajumbe wa kamati walikuwa wamekaa upande mmoja na Mkurugenzi kati yao. Daktari alikuwa peke yake upande wa pili. Mumewe alikaa karibu na mlango, kama ndugu wa mgonjwa, na Mama Vitambaa, aliyeitwa na Inspekta, alisimama ukutani kwa sababu hakuna aliyempa kiti.

"Dakika chache, Inspekta," Mkurugenzi alisema. "Nilikuomba vitu viwili."

"Nimevileta. Iwekeni picha."

Picha ikajaa ukutani, kwa rangi zake zote. Daktari aliinamisha kichwa.

"Hizi ndoana za kwenye gauni mmeshazisikia," Inspekta alisema. "Mkurugenzi kanijibu kwa simu kwamba kitambaa cha kiwandani kinaweza kuwa na kasoro inayojirudia. Sawa. Tuliache gauni. Tazameni birika."

Wakatazama.

"Birika hili limeona chumba kizima. Dirisha lipo. Viti vipo. Feni ipo. Aliyepiga picha alikuwa hapa, mbele ya meza, karibu kuliko nilivyo mimi kwenu. Yuko wapi?" Akaweka simu yake mezani, ile picha ya chai imefunguliwa. "Mimi nimepiga leo, hoteli hiyo hiyo, birika la aina hiyo hiyo. Nimo, na kitambi changu. Kamera yoyote ikilitazama birika, birika nalo linaitazama. Hapa pana sakafu tupu. Mpiga picha amefutwa."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mjumbe mmoja alisimama akaenda mpaka karibu na ukuta.

"Mtu wa kawaida hawezi kufanya kosa hili," Inspekta aliendelea. "Mtu wa kawaida angejiacha humo, na ingeonekana kama picha ya kweli. Kujifuta ni ufundi. Ni mazoea ya mtu aliyejifuta miaka mingi mpaka hajui tena kwamba anajifuta."

Hakuna aliyetazama mlangoni, na kwa jinsi ambavyo hawakutazama ilikuwa wazi kwamba wote walikuwa wanawaza mlangoni.

"Wengi wanajua kujifuta," mume alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nimewafundisha wote hapa. Hata shemeji yangu nimemfundisha. Na kitambaa ni chake."

"Shemeji," Mama Vitambaa alisema.

"Subiri," Inspekta alisema. "Kuna sikio."

Sikio likakuzwa. Jekundu ukingoni, hai, na chini kidogo, karibu na ndewe, wekundu ukififia taratibu mpaka kwenye kivuli cha shingo. Daktari aliinua kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitazama, maana siku ile alipoonyeshwa aliona uso wake tu, na nyumbani alionyeshwa karatasi isiyo na rangi. Alisimama bila kujua kwamba amesimama.

"Bwana," Inspekta alimwambia mume, "Mkurugenzi anasema hakuna programu maabara hii inayoweza kutoa sikio hili. Wewe leo hotelini umeniambia yako inaweza. Wote wawili ni wataalamu, na mmoja anakosea. Ikiwa yako inaweza, basi picha hii inaweza kuwa kazi ya mikono yako. Ikiwa haiwezi, waambie hawa, kwamba ni ya mkeo peke yake inayoweza. Na ya mkeo iko nyumbani kwenu, chini ya kitambaa cha maua, na aliyeiona ni wewe tu. Chagua."

Mzee wa Mwanga alitazama skrini. Ilikuwa aibu kumwona. Njia zote mbili zilikuwa zinamfikisha pale pale, na mtu mwingine angechagua ya pili haraka, ili angalau aonekane muungwana. Yeye hakuweza. Kulitamka lile neno mbele ya Mkurugenzi, kwamba ya mkewe inaweza na yake haiwezi, kulimshinda kuliko kukiri hatia.

"Ni yangu," Daktari alisema. Alikuwa amefika ukutani, kidole chake kinafuata ukingo wa lile sikio bila kuligusa. "Hii ngozi ni yangu. Hapa mwanga unapogeuka, nilihangaika hapa miezi. Ninaijua." Akageuka. "Ulikaa kwenye kiti changu. Ulinitengeneza mimi, kwa kazi yangu mimi."

Daktari akasogea hatua moja kuelekea kwake.

"Kwa nini hukutumia ya kwako?"

"Nilijaribu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, kana kwamba wamo wawili tu chumbani. "Nilijaribu wiki nzima. Ulitoka kama chungu. Ulikaa pale na gauni na mwanga mzuri, na ulikuwa umekufa. Nisingeweza kuituma hivyo."

"Wangejua ni ya kuchora."

"Si hivyo tu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ilikuwa mbaya. Halafu nikafungua ya kwako, na ukawa mzima mara moja. Nikakaa pale nakutazama. Nilikuchukia, mama. Haki ya Mungu nilikuchukia."

Mkurugenzi alikohoa, akaanza kusema jambo juu ya kanuni, na Inspekta akamnyamazisha kwa mkono.

"Kwa hiyo ulijua," Daktari alisema. "Siku ile uliposema si mbaya, ulijua."

"Nilijua kabla hujazima kompyuta."

Daktari alirudi mezani akachukua mkoba wake.

"Nimekuomba mara ngapi unisifie? Hata neno moja tu. Kumbe ulishanisifia, ukawatumia kamati yote, mimi ukaninyima."

Akapita mbele yake, akafika kwa mdogo wake pale ukutani, akasimama.

"Gauni liko nyumbani," alimwambia. "Pindo bado halijaisha."

Mama Vitambaa akamshika mkono, wakatoka pamoja. Inspekta akangoja mlango ujifunge, kisha akamwambia Mzee wa Mwanga achukue koti lake. Aliinuka, akalichukua, lakini hakutazama mlango. Alikuwa bado anatazama lile sikio.